Sakafu Inayoteremkia Mlangoni

Jumamosi, 12 Oktoba 1974

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza saa nane, imekatika saa kumi. Mbao za mulombwa nimewahi kuziingiza hangarini, kwenye banda langu la kazi, mbili tu ndizo zimelowa nchani.

Nimefungua daftari jipya. Frère Adalbert, aliyenifundisha useremala kwenye misheni ya Mpala, alikuwa akisema kwamba seremala asiyeandika mvua hazijui mbao zake, kwa maana ubao hunywa maji ukavimba, na droo uliyoipiga randa mwezi wa nane itakwama mwezi wa kumi na mbili. Basi kila majira ya mvua naandika. Marceline, mke wangu, anasema mvua naiandika mstari mmoja na hasira zangu kurasa tatu. Shauri yake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mawingu, hakuna mvua. Damien amekuja hangarini na gari la Mgiriki.

Nasema la Mgiriki, ingawa serikali imeshasema ni lake. Mwaka jana wageni walinyang'anywa maduka, na mwaka huu mdogo wangu Damien, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, amepewa duka la Mgiriki huyo, Bwana Stavro, nyumba ya Bwana Stavro, gari, na vijiko vya kabatini. Bwana Stavro amevuka kwenda Kigoma na masanduku mawili. Hangari hii ninayofanyia kazi miaka kumi na tisa imo ndani ya ua wa duka lile. Stavro aliniachia kwa neno la mdomo, hakuna karatasi. Kwa hiyo na hangari sasa ni ya Damien.

Tena sipaswi kumwita Damien. Majina ya ubatizo yamekatazwa, yeye siku hizi ni Sitwayen Mulonda, yaani Raia Mulonda. Lakini daftari ni langu, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni siku ya kubatizwa kwake. Nitaandika Damien.

Anataka meza. Stavro ameacha akwarium kubwa, sanduku la vioo lenye fremu ya chuma, lina samaki wadogo wa mawe wa ziwa letu hili, wa mistari ya njano na wa buluu. Liko chumba cha nyuma, juu ya kibao kilichojengwa ukutani. Damien anataka lihamie salon, karibu na mlango, kila anayeingia alione.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "unitengenezee meza ya nguvu, ya kupendeza macho. Siku ya Bonane, mwaka mupya ukiingia, Komiseri wa zoni atakuja kwangu na bibi yake."

"Na hangari?" nikamwuliza, maana nilikuwa nangoja siku ya kuuliza.

"Hangari njo kitu gani? Ukimaliza kazi, nitakutilia saini karatasi. Iwe yako na watoto wako, muntu asikuguse."

Nimekubali palepale. Nina miaka hamsini na mbili, sina mahali pengine pa kuweka meza ya kazi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ndogo asubuhi. Nimekwenda kupima.

Akwarium ina urefu wa metre moja na nusu. Ikijaa inabeba mapipa mawili ya maji. Anayeitunza ni Papa Néhémie, mzee wa Kibembe kutoka pande za Fizi, Mprotestanti, mpole mpaka anaudhi. Stavro alimwajiri miaka kumi iliyopita, na anakaa na mke wake Emilie kwenye boyeri, chumba cha watumishi nyuma ya nyumba. Kila siku mbili anashuka ziwani na ndoo kuleta maji mapya. Samaki wanamjua, akisogea wanakuja mbele ya kioo, nikisogea mimi wanakimbilia mawe.

Nimeweka nivo kwenye sakafu ya salon, hiki kipimo ambacho ng'ambo Kigoma wanakiita pimamaji. Kiputo cha hewa kikakimbilia ukuta wa nyuma, ulio juu zaidi. Sikushangaa. Sakafu hii aliimwaga mwashi marehemu Emile mwaka 1956, na ubao wa kunyooshea niliushika mimi. Inateremka vidole vitatu toka ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Hakuna sakafu katika mji huu isiyoteremkia mlangoni, kwa sababu kila Jumamosi wanawake wanamwaga ndoo za maji na kuyasukuma nje kwa ufagio. Fundi atakayemwaga sakafu ya sawasawa kabisa atatukanwa na mtaa mzima.

Nimemweleza Damien. Amecheka.

"Nyumba ya Muzungu haiinami, yaya."

"Muzungu hakuimwaga. Aliimwaga Emile, mwashi wa hapahapa, na koti lake limechanika kwapani."

Hakupenda kusikia. Tangu apewe nyumba ile, anapenda kuamini kwamba ilishuka kutoka mbinguni imeshapakwa rangi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua tangu asubuhi hadi jioni. Nimechonga miguu sita.

Jumapili, 3 Novemba

Misa. Damien hayuko tena kanisani. Anasema Jumapili ana mikutano ya chama. Baba Padri ameniuliza habari zake, nikasema mzima.

Jumamosi, 16 Novemba

Jua, ubao mkavu, siku nzuri ya kazi.

Meza imeingia salon. Sijivuni, lakini viungo vyake havina msumari hata mmoja. Nimeweka nivo juu, kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona. Kisha nimekata kabari nne za mulombwa, mbili za unene wa kidole kamili kwa miguu ya upande wa mlango, mbili za nusu kidole kwa miguu ya katikati. Nimezigonga taratibu na nyundo mpaka kiputo kikakaa katikati kikatulia. Juu ya meza nimetandika blanketi kuukuu la jeshi ili chuma kisilalie kwenye ubao mtupu.

Tumetia maji nusu tu, mimi na Néhémie, tukangoja. Kesho tunajaza, ikiwa hakuna mguu uliozama. Hiyo ndiyo njia. Mapipa mawili ya maji si ya kuchezea. Mguu mmoja ukining'inia, fremu inajipinda, gundi ya vioo inaachia, halafu kioo kinapasuka.

Néhémie amechukua penseli yangu, akachora alama kwenye kioo pande zote mbili, pale maji yalipofika. Zote zimelingana na fremu.

"Maji njo fundi mukubwa, Papa Symphorien," amesema. "Hayakubali uongo wa muntu."

Damien ameingia na miwani yake myeusi. Ameitazama meza, ameitazama akwarium, halafu ameinama akaona kabari.

"Na hivi vipande vya mbao?"

Nimemweleza tena habari ya sakafu. Amekunja uso.

"Yaya, meza ya muntu mukubwa haiwekewi vipande kama kitanda cha hospitali. Watu watacheka."

"Basi nikate miguu ya nyuma, ifuate sakafu, kabari ziondoke."

"Ukiikata itakuwa ya hapa tu. Mi nitapewa villa kubwa mwaka kesho, nataka kuhama nayo."

"Basi kabari zinabaki."

Ametoka bila kuzigusa. Nimechukua kule kutoka kuwa ni kukubali, na karatasi sikuikumbusha.

Jumapili, 24 Novemba

Sikukuu ya serikali. Gwaride, ngoma, jua kali mpaka saa nane, halafu mvua ikatufukuza wote.

Tulipokuwa tumejibanza barazani kwa Damien, wakatokea wanaume wawili wa chama wenye koti zilizofungwa hadi shingoni. Akawaingiza kuona samaki. Wakasifu meza. Damien akanionyesha kwa kidole na kusema, "Fundi wangu huyu, amefanya kazi vizuri."

Fundi wangu. Baba yetu mmoja, mama yetu mmoja, titi moja. Mimi niliacha shule darasa la tano ili yeye aendelee, na sijawahi kumwambia neno hilo hadi leo, wala sitamwambia.

Marceline amesikia. Njiani, tulipovuka reli, akasema, "Aliye juu mungojee chini, Papa." Nikamjibu kwamba mimi sina haja ya kumngojea popote, nina haja na karatasi ya hangari. Akaniambia nisimdanganye yeye.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua. Nimekwenda kudai karatasi. Damien amesema baada ya Bonane.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua siku tano mfululizo. Milango ya mtaa mzima imevimba, watu wananiita kila dakika kuja kupiga randa.

Nimepita kuangalia akwarium. Iko sawa, imejaa, na Néhémie amechora alama mpya za penseli pale maji yanapofika sasa. Julienne, mke wa Damien, alikuwa anaosha salon, ndoo kwa ndoo, na maji yanakwenda yenyewe mlangoni. Nikamwambia, "Unaona, Mama Julienne, sakafu inateremka?" Akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza, mwanamke gani asiyejua, lakini mume wake akisema haiinami, basi haiinami.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua alasiri.

Nimekaa na Néhémie kwenye ngazi ya jikoni. Emilie ametuletea mihogo. Mzee ameniambia alikimbia kwao mwaka wa vita, sitini na nne, na mtumbwi mmoja, akafika hapa hana ndugu. Stavro ndiye aliyempokea. Nikamwuliza kama anaona uchungu kuwatumikia waliomfukuza Stavro. Akamega kipande cha muhogo.

"Samaki hawajui nani mwenye duka," akasema.

Nilimwona kuwa ni mtu asiye na moyo wa hasira, na nilimdharau kidogo kwa hilo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Serikali imefuta sikukuu, kwa hiyo tumefanya kazi. Misa ya alfajiri, halafu randa. Mvua ndogo.

Jumamosi, 28 Desemba

Mvua ya asubuhi, ikaacha saa nne.

Nilikwenda kwa Damien kuangalia kazi yangu kwa mara ya mwisho kabla ya Bonane. Mlango wa mbele umewekewa zulia jekundu. Damien alikuwa amesimama pale na wafanyakazi wawili wa duka, wanafuta mikono. Kabla sijakanyaga akanyoosha mkono.

"Fundi, pita jikoni. Zulia ni jipya."

Fundi, mbele ya vijana wa duka. Nikazunguka, nikapita jikoni.

Uani, pembeni mwa rundo la kuni, niliziona kabari zangu. Tatu. Ya nne ilikuwa imeshaingia jikoni kuwashia moto, nadhani. Nikaingia salon. Kriki ya gari ilikuwa bado sakafuni. Walikuwa wameinyanyua meza kwa kriki, akwarium imejaa maji pomoni, wakachomoa kabari, wakaishusha. Miguu ya upande wa mlango ilikuwa inagusa kwa pembe tu. Mguu mmoja wa katikati ulikuwa hewani, unaweza kupitisha ukucha chini yake. Maji yalikuwa yamepanda juu ya alama mpya ya Néhémie upande mmoja na kushuka chini yake upande wa pili. Néhémie mwenyewe alikuwa ziwani na ndoo zake.

Damien akasimama nyuma yangu. "Unaona sasa inavyopendeza? Haikuanguka."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Itatoa maji kwanza, kidogo, chini ya fremu. Halafu itapasuka. Siku tatu, nne. Nilikwisha kumwambia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi na livunjike.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nikaziokota kabari tatu, nikaziweka mfukoni.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua. Sikwenda.

Jumatatu, 30 Desemba

Mvua. Sikwenda.

Jumanne, 31 Desemba

Hakuna mvua. Sikwenda. Marceline ameuliza ninaumwa nini, nimesema mgongo.

Alhamisi, 2 Januari 1975

Naandika habari za jana. Jana sikuweza.

Tulifika saa tano, Marceline kwa kuwa Julienne alimwita kusaidia jikoni, mimi kwa kuwa Damien alituma mtu kusema fundi awe karibu. Néhémie alikuwa kwenye korido, amevalishwa shati jeupe lenye mikono mirefu mno. Akanivuta pembeni.

"Papa Symphorien, akwarium inatoa jasho kwa chini, upande wa mlango. Nimepangusa mara tatu, linarudi. Na kabari zako, tangu Jumamosi sizioni. Mi nilisema, fundi mwenyewe amezitoa, meza imeshatulia. Ni weye, si ndiyo?"

Kabari zilikuwa mfukoni mwangu, zinanichoma pajani. Hadi leo sijui kwa nini nilikwenda nazo.

"Umemwambia mwenye nyumba habari ya jasho?"

"Nimemwambia. Amesema ninyamaze, wageni wako njiani."

"Basi, amesema," nikamjibu.

Hilo ndilo jibu nililompa mzee yule, wala sikumjibu lile swali lake lingine. Bado kulikuwa na nusu saa. Kwa mpira mmoja na ndoo mbili tungeweza kupunguza maji mpaka nusu. Ningeweza kuzigonga kabari zangu mwenyewe, kwa kiatu. Badala yake nilikwenda kusimama kwenye mlango wa korido, mahali ninapoona vizuri. Nilitaka kuona.

Komiseri akaja na bibi yake, na watu kama ishirini nyuma yao. Bibi akakaa karibu na mlango kwa ajili ya upepo, akavua viatu chini ya kiti. Damien akamchukua Komiseri kumwonyesha samaki. Akawa anagonga kioo kwa pete yake ili samaki waje mbele, nao hawakuja, maana hawamjui. Akagonga tena.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya ukuni mkavu unapovunjwa gotini. Kioo cha mbele kilifunguka toka juu hadi chini. Mapipa mawili ya maji yakaanguka kwa pamoja, na sakafu ya marehemu Emile ikafanya kazi yake, ikayapeleka yote mlangoni na vioo ndani yake. Wanawake walinyanyua vitenge, wanaume walipanda viti. Bibi wa Komiseri hakuwahi kunyanyua miguu. Kipande kimoja kilimpasua mguu chini ya kifundo, damu ikatoka na maji mpaka kwenye ngazi.

Mimi nilikuwa nimengojea aibu ya Damien. Damu ya mama yule sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anafanya kitu. Néhémie alikuwa amepiga magoti katikati ya vioo, na beseni la kunawia mikono, anaokota samaki kwa viganja. Mikono ya shati lile refu ilikuwa imeshakuwa myekundu. Damien akamshika ukosi akamsimamisha.

"Ni huyu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Ndiye anayeosha, ndiye anayesukuma meza. Watu wa Fizi hawa, unawaweka nyumbani kwako, wanakuharibia."

Néhémie akanitazama. Alinitazama mimi tu, muda mrefu, halafu akatazama beseni lake. Nami nikabana kwa kiganja mfuko wenye kabari.

Ijumaa, 3 Januari

Mvua kubwa. Marceline alikuwa anafua. Ameingia na kabari tatu mkononi, amezitoa kwenye suruali yangu, akaziweka juu ya meza mbele yangu.

"Ulijua," akasema.

Nikamweleza yote, toka Jumamosi. Hakunigombeza. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono bado ina povu la sabuni.

"Bibi yule wa Komiseri ameshonwa nyuzi tano. Mzee yule wanataka kumpeleka kwa majandarme, afungwe. Kesho uende ukaseme."

Nikasema nitakwenda.

Jumamosi, 4 Januari

Nimekwenda. Kabari tatu zilikuwa mfukoni tena, safari hii nilijua kwa nini.

Damien alikuwa peke yake kwenye biro ya Stavro, ile meza yake ya kuandikia, hajanyoa, hana miwani. Niliweka kabari juu ya biro. Akazitazama.

"Najua, yaya," akasema. "Mi njo nilizitoa. Ulinionya. Unataka nikuambie nini, nipige magoti?"

Nilikuwa nimengoja maneno hayo miezi mitatu. Yalipokuja hayakunipa raha yoyote.

"Mwambie Komiseri hivyo hivyo," nikasema.

"Sikiliza. Komiseri anataka jina, kwa maandishi. Nikimpa jina langu, mwezi huu duka linapewa mwingine. Huyo mwingine hatakujua weye, wala hangari yako, wala watoto wako. Atatia kufuli siku ya kwanza. Unafikiri Stavro alikuwa na kosa gani? Na hakuna aliyeuliza."

"Na Néhémie?"

"Néhémie simupeleki kwa majandarme. Nitamfukuza tu, arudi kwao. Nikipata neno la fundi, Komiseri ataridhika. Nitamwambia mzee kwamba ni weye umemuombea, akushukuru."

Akatoa karatasi mbili. Moja ilisema kwamba mimi, seremala niliyeitengeneza meza, nashuhudia kwamba mtumishi aliziondoa kabari alipokuwa akiosha sakafu. Ya pili ilikuwa ya hangari, ina muhuri. Akaziweka sambamba, akanipa kalamu yake.

Nilisoma ya kwanza mara mbili. Nilifikiri kuhusu miaka kumi na tisa, na meza ya kazi, na wanangu wawili ambao hawana kazi nyingine zaidi ya hii ninayowafundisha. Nilifikiri pia kwamba Néhémie ni mzee, hana mtoto wa kulisha, na kwao kuna ziwa hilihili. Mtu anayetafuta sababu huwa anazipata upesi. Nikaanza kuandika Symphorien, Damien akanizuia, akasema jina la ubatizo halifai kwenye karatasi ya serikali. Nikaandika jina la baba yetu.

Sijui kama alipanga nitumie jina la baba au ni bahati. Ameniita yaya mara nne leo, nimehesabu.

Nyumbani Marceline aliuliza, "Umesema?" Nikamwonyesha karatasi yenye muhuri. Aliisoma, akairudisha, akaenda kuanua nguo.

Jumapili, 5 Januari

Mvua. Misa. Sikukomunika.

Jumatano, 8 Januari

Mvua. Nimebadilisha kufuli la hangari. Funguo tatu, zote ni zangu.

Jumamosi, 11 Januari

Jua tangu asubuhi.

Saa tatu hivi nimeinua macho nikamwona Néhémie mlangoni pa hangari, amevaa koti lake, amefunga viganja kwa vitambaa. Mkononi ana kuhe, samaki mkubwa wa heshima, wa kupelekewa mkwe, amemtunga kwenye ukindu. Nilisimama randa mkononi.

"Papa Symphorien, nimekuja kusema aksanti. Meli yetu ya kwenda Baraka, kwetu, inaondoka saa tano, Emilie ananingoja bandarini na vitu."

"Aksanti ya nini?"

"Sitwayen Mulonda ameniambia. Amesema kama si yule fundi kuniombea, leo ningekuwa kwa majandarme. Mi si muntu wenu, si wa kabila yenu, si wa kanisa yenu. Na umeniombea."

Nikamwambia aketi. Akasema hawezi, meli haingoji. Akaweka kuhe juu ya meza yangu ya kazi, akatandika kwanza takataka za randa chini yake ili asichafue ubao. Akageuka kwenda, halafu akarudi hatua moja, akapunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

"Na ile habari ya kabari, usiwe na hofu. Watu wa Komiseri waliniuliza Alhamisi ya juma lililopita, wakaniuliza Ijumaa, wakanipiga kidogo, nani amezitoa. Mi nilijua ni weye umezitoa, kwa nia nzuri, ulifikiri meza imetulia. Kila fundi anakosea siku moja. Sikutaja jina lako."

Akanipa mkono, ule uliofungwa kitambaa. Nikaupokea. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka alipopinda kwenye njia ya bandari, na saa tano nikasikia honi ya meli.

Samaki Marceline amemkaanga kwa mawese mchana huu. Ameuliza ametoka kwa nani, nikamwambia, na maneno ya mzee nikamwambia yote. Aliwapakulia watoto. Yeye mwenyewe amekula bukari, ugali mtupu, na chumvi. Kichwa ni cha baba mwenye nyumba, ndiyo desturi, kwa hiyo amekiweka kwenye sahani yangu na kukaa mbele yangu kungoja. Nimekila.